Notisi, Amana na Ufunguo: Haki za Mpangaji Anapohama

Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii kwa wenye nyumba, wapangaji na viongozi wa vijiji vya mpakani mwa Uganda na Kenya

 Leo tunazungumza jambo ambalo kila mmoja wetu hapa amelipitia, ama kama mwenye ufunguo, ama kama mwenye kuuomba.

Huenda mtu akauliza, polisi wana nini na kodi ya nyumba? Jibu letu ni fupi. Kitabu cha matukio kilichoko mezani kwetu kina kurasa nyingi ambazo mwanzo wake haukuwa uhalifu hata kidogo. Mwanzo wake ulikuwa amana ya chumba. Mpangaji alitaka kuhama, akadai fedha aliyoiweka siku ya kwanza. Mwenye nyumba akamwambia fedha hiyo imekwisha. Maneno yakapanda, jirani akaingilia, mlango ukang'olewa, mtu akapigwa. Aliyekuwa na haki ya kurudishiwa fedha yake jana, leo amelala mahabusu kwa kosa la kujeruhi. Tumekuja kuwaomba jambo moja tu: tuzime moto ungali cheche.

Katika miji yetu ya Busia na Malaba jambo hili lina uzito wa pekee. Wapangaji wetu wengi ni wasafiri wa riziki. Wapo waliovuka kutoka Kenya kuja kufanya kazi huku, na wapo Waganda waliopanga ng'ambo kwa sababu soko liko huko. Yupo anayelala nchi moja na kufungua duka nchi nyingine. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, kuhama kwa kutafuta kazi kumekuwa jambo linalotambuliwa na nchi zetu zote. Lakini mtu wa kupita, asiye na ndugu mtaani wala shahidi wa kumtetea, ndiye ambaye amana yake hupotea kwa urahisi zaidi. Kwa mtu huyo, amana ya chumba kimoja, kile ambacho wengi hapa hukiita muzigo, si fedha ndogo. Ndiyo mlango wa chumba kinachofuata. Akiikosa, watoto wake hulala barazani.

Amana ni fedha ya nani?

Tuanze na msingi, maana ugomvi mwingi huzaliwa hapa. Kodi ni malipo ya kukaa. Ukishakaa mwezi, kodi ya mwezi huo ni mali ya mwenye nyumba, wala hairudi. Amana ni kitu kingine. Ni fedha ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwa mwenye nyumba iwe dhamana: ikiwa mpangaji ataharibu kitu, gharama ya kukitengeneza itatoka humo, asipoharibu, fedha itarudi kwake. Mwenye nyumba ni mtunzaji wa amana hiyo. Neno lenyewe linatufundisha, kwani katika lugha yetu amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, na mila na dini zetu zote zinamwonya mtu anayekula amana.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayesema, "Hapa kwangu amana hairudi," anapaswa kuulizwa kwa upole: basi ni amana ya nini? Na mpangaji anayesema, "Sitalipa mwezi wa mwisho, ukate kwenye amana," naye anapaswa kuulizwa: ukiondoka na kuacha kioo kimevunjika, mwenye nyumba atakitengeneza kwa fedha ipi? Kuiruhusu amana ilipie mwezi wa mwisho kunawezekana pale pande zote mbili zinapokubaliana, na ni vyema makubaliano hayo yaandikwe. Mmoja akiamua peke yake, hayo si makubaliano.

Jambo la pili ni tofauti kati ya uharibifu na uchakavu. Nyumba inayokaliwa huchakaa. Rangi hufifia, sakafu hupata alama za miguu, kitasa hulegea kwa kufunguliwa kila siku. Huo ni uchakavu wa kawaida, na hauwi deni la mpangaji. Uharibifu ni kioo kilichovunjwa, mlango uliopigwa teke, sinki lililopasuka, swichi iliyong'olewa, ukuta uliotobolewa ili kupitisha waya bila ruhusa. Huo hukatwa kwenye amana, lakini kwa kiasi cha matengenezo yenyewe. Tuchukue mfano. Mpangaji ameweka amana ya shilingi 150,000. Anapoondoka, kioo kimoja kimevunjika, na fundi ameandika risiti ya shilingi 20,000. Mpangaji arudishiwe shilingi 130,000 pamoja na kuonyeshwa risiti hiyo. Hesabu ni nyepesi. Kinachoifanya nzito ni kutokuwepo kwa maandishi.

Mkataba na maandishi

Nchini Uganda tunayo Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya sheria ya kudhibiti kodi iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni, ya mwaka 1949. Sheria hii mpya inatambua kwamba watu wetu hupangishana kwa njia nyingi. Mkataba unaweza kuwa wa maandishi, wa mdomo, au wa ujumbe wa kielektroniki. Hata hivyo, pale kodi inapofikia shilingi 500,000 au zaidi, mkataba wa mdomo pekee hautoshi; lazima uwe katika maandishi au katika ujumbe wa kielektroniki. Sheria hiyo inataka pia kodi ilipwe kwa shilingi ya Uganda, isipokuwa wahusika wakikubaliana vinginevyo, na inazuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Wengi wetu hapa tunalipa chini ya kiasi hicho cha 500,000, na hivyo mkataba wetu wa mdomo ni mkataba halali. Lakini uhalali ni jambo moja, na ushahidi ni jambo lingine. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunawashauri, hata chumba kikiwa cha shilingi 60,000, mchukue karatasi moja ya daftari la shule na kuandika mambo haya: jina la mwenye nyumba na la mpangaji pamoja na namba za vitambulisho vyao, chumba kilipo, kodi ya mwezi na siku ya kulipa, kiasi cha amana na tarehe iliyolipwa, muda wa notisi, na hali ya chumba siku ya kuingia. Pande zote mbili zitie sahihi, shahidi mmoja aongezwe, na kila mmoja abaki na nakala yake. Mwenyekiti wa LC1 ni shahidi mzuri, kwa kuwa yeye anawafahamu wote wawili.

Kwetu sisi wa mpakani kuna mambo matatu zaidi ya kuandikwa.

La kwanza ni sarafu. Ikiwa amana imelipwa kwa shilingi ya Kenya, andikeni kwamba itarudishwa kwa shilingi ya Kenya na kiasi ni kile kile. Thamani ya sarafu hupanda na kushuka. Msipoandika, siku ya kuhama mtabishana juu ya bei ya kubadilishia fedha badala ya kuagana.

La pili ni jina la aliyelipa. Mara nyingi mume huandikisha chumba kwa jina lake, kisha husafiri kutafuta kazi, na mke ndiye anayelipa kodi miaka miwili. Siku ya kuhama mwenye nyumba humwambia mama huyo, "Simtambui ila mumeo." Pengine mume amekwisha kuja kimya kimya na kuichukua amana. Enyi wenye ndoa, andikeni majina yote mawili.

La tatu ni njia ya malipo. Fedha iliyotumwa kwa simu huacha nyayo. Ujumbe wa kuthibitisha malipo usifutwe, na tarakilishi ya duka la picha inaweza kuuchapa kwenye karatasi. Ukilipa taslimu, dai risiti hapo hapo. Mwenye nyumba mwaminifu haoni aibu kutoa risiti, na mpangaji mwaminifu haoni aibu kuidai.

Kutoa notisi

Ndugu wapangaji, haki yenu ya kudai amana inaanza na wajibu wenu wa kutoa notisi. Tunawaona watu wanaohama usiku kwa kuogopa maneno. Gari linakuja saa nane za usiku, taa zimezimwa, vyombo vinapakiwa kwa kunong'ona. Asubuhi mwenye nyumba anakuta chumba kitupu na ufunguo umeenda. Mtu wa namna hiyo, hata kama hakuwa na deni, amejivika sura ya mkosaji, na atakaporudi wiki ya pili kudai amana yake, nani atamsikiliza?

Kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, notisi ni ya siku 30, isipokuwa mkataba wenu umeweka muda mwingine. Notisi hiyo inamfunga kila upande: mpangaji anayetaka kuondoka, na mwenye nyumba anayetaka chumba chake. Notisi ya mdomo husahaulika, kwa hiyo iandikwe. Si lazima iwe na maneno makubwa. Yatosha kusema: "Mimi fulani, mpangaji wa chumba fulani, ninatoa notisi leo tarehe 31 Machi kwamba nitaondoka tarehe 30 Aprili. Naomba tukague chumba pamoja siku hiyo, na nirudishiwe amana yangu ya shilingi kadhaa niliyolipa tarehe fulani." Andika nakala mbili, na umwombe mwenye nyumba atie sahihi na tarehe kwenye ile yako. Akikataa, mpelekee ujumbe wa simu wenye maneno hayo hayo, na umpe nakala mwenyekiti wa LC1. Akiwa anaishi mbali, mkabidhi mtunza nyumba, lakini pia mtumie mwenyewe ujumbe.

Katika siku hizo 30 mpangaji aendelee kulipa kodi, na mwenye nyumba aendelee kumwacha akae kwa amani. Notisi haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kuingiza wateja wapya chumbani wakati mama wa nyumba anaoga. Waelewane siku na saa ya kuonyesha chumba. Vilevile notisi haimpi mpangaji ruhusa ya kuacha taka uani na kulimbikiza bili ya maji.

Kwa wale waliopanga ng'ambo, upande wa Kenya, sheria ni nyingine, na tunawaomba msichanganye. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inasema kwamba upangaji wa vipindi unaweza kukatishwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua kipindi chenyewe, na notisi hiyo iishe katika siku ya kulipa kodi. Maana yake, anayelipa kila mwezi hutoa notisi ya mwezi, na hesabu yake huangukia siku ya kodi. Zipo pia sheria mahsusi. Nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi zinalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi. Na mwenye duka ambaye upangaji wake hauna mkataba wa maandishi, au una mkataba usiozidi miaka mitano, hawezi kuondolewa na mwenye jengo bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili. Kwa hiyo, kabla ya kudai haki, jiulize kwanza: nyumba ninayoizungumzia imesimama upande upi wa mpaka? Sheria inayotawala nyumba ni ya nchi nyumba ilipo, hata kama mwenye nyumba na mpangaji wote wanatoka nchi nyingine.

Siku ya kukabidhi ufunguo

Siku ya kuhama isiwe siku ya mbio. Kabla gari halijaja, ombeni nusu saa ya kukagua chumba pamoja: mwenye nyumba au mwakilishi wake, mpangaji, na shahidi. Mkiwa na ile karatasi ya hali ya chumba siku ya kuingia, isomeni mstari kwa mstari. Madirisha mangapi, vioo vyote vipo? Kufuli linafanya kazi? Taa zinawaka? Deni la maji limelipwa? Umeme wa Yaka uliobaki ni wa nani? Pigeni picha kwa simu. Kisha andikeni chini: kilichoharibika ni hiki, gharama yake ni hii, amana inayorudi ni hii, na italipwa siku hii. Tieni sahihi.

Hapo ndipo ufunguo ukabidhiwe, na kukabidhiwa kwake kuandikwe. Mpangaji anayeondoka na ufunguo mfukoni "mpaka nilipwe" anajiumiza mwenyewe, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kusema chumba bado kiko mikononi mwake na kodi inaendelea kuhesabika. Rudisha ufunguo, chukua maandishi.

Ikiwa mwenye nyumba hana fedha siku hiyo, nalo hutokea, kwani wengi huitumia amana kwa shida zao wakitegemea mpangaji mpya atakayeleta nyingine, basi aandike ahadi yenye tarehe. Lakini tunawakumbusha wenye nyumba kwa heshima: fedha ya amana si faida ya biashara. Anayeila leo anajitengenezea mdai wa kesho. Afadhali aiweke kando, hata katika akaunti ya chama cha akiba, ili siku ya kuagana iwe ya kuagana.

Njia za kudai

Na ikiwa tarehe imepita na fedha haijarudi, mpangaji afanye nini? Tunazo hatua tatu, na tunaomba zifuatwe kwa utaratibu wake.

Hatua ya kwanza ni mazungumzo mbele ya mtu mzima. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, au kwa mzee anayeheshimiwa na pande zote. Migogoro mingi ya fedha ndogo huishia hapo, kwa kuwa mtu huona haya kukana mbele ya jirani zake kitu walichokiona.

Hatua ya pili ni barua ya madai. Taja kiasi, eleza kilitokana na nini, na mpe mdaiwa siku 14 za kulipa. Muda huo hatukuuchagua sisi. Ndio unaotakiwa na utaratibu wa madai madogo katika mahakama zetu kabla ya kufungua shauri.

Hatua ya tatu ni mahakama yenyewe. Kwa Kanuni za Madai Madogo za mwaka 2011, mtu anaweza kufungua madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda katika mahakama ya hakimu inayotumia utaratibu huo. Hahitaji wakili, katika utaratibu huu mawakili hawawakilishi watu. Kila mmoja husimama na kujieleza kwa maneno yake, akionyesha karatasi zake. Hapo ndipo ile karatasi ya daftari la shule, ule ujumbe wa simu na zile picha zinapogeuka kuwa shahidi asiyesahau. Kenya nao wana Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, ambayo kikomo chake ni shilingi milioni 1 za Kenya. Usiache haki yako kwa kudhani kwamba mahakama ni ya matajiri tu.

Mahali pa polisi

Sasa tuseme waziwazi mahali petu, maana hapa ndipo tunapolaumiwa na pande zote. Deni la amana ni dai la madai, si jinai. Polisi hatukusanyi madeni. Mpangaji akija kituoni na kusema, "Mkamateni mwenye nyumba mpaka anilipe," hatuna mamlaka hayo. Mwenye nyumba akija na kusema, "Nipeni askari wawili wamtoe mpangaji anayedaiwa," hatuna mamlaka hayo pia. Sheria ya mwaka 2022 hairuhusu mpangaji afukuzwe bila amri ya mahakama. Kuweka kufuli la pili mlangoni, kung'oa mabati, kuondoa mlango, kukata maji na umeme ili mtu achoke aondoke, hizo si njia za kisheria, na anayezitumia anaweza kujikuta yeye ndiye mshitakiwa.

Lakini yapo mambo yanayotuhusu, na katika hayo msisite kuja. Akitokea mtu wa kupiga au kutishia kupiga, njooni. Mali ikiharibiwa kwa makusudi, au vyombo vya mpangaji vikichukuliwa, njooni. Akitokea dalali anayepokea amana ya nyumba isiyo yake, akaonyesha chumba kimoja kwa watu watano na kuchukua fedha ya wote, huyo si mdaiwa tena. Amejipatia fedha kwa udanganyifu, na hilo ni kosa la jinai. Kwa sababu hiyo, msilipe amana kabla ya kuonana na mwenye nyumba mwenyewe na kuwauliza majirani au mwenyekiti wa kijiji. Mkiona ugomvi unapanda na hamna uhakika kama ni jinai au madai, njooni pia, nasi tutawaelekeza pa kwenda. Kufungua taarifa kituoni ni bure. Dhamana ya polisi ni bure. Yeyote atakayewadai fedha kwa huduma hizo, mripotini kwa mkuu wa kituo au kwa afisa wa uhusiano na jamii.

Tuwape mfano mmoja unaofanana na mingi tunayoipokea. Mama mmoja muuza nguo za mitumba alikuwa amepanga chumba miaka mitatu. Alitoa notisi ya maandishi, akalipa kodi hadi siku ya mwisho, akarudisha ufunguo. Mwenye nyumba akakataa kurudisha amana, akidai ukuta umechafuka. Kaka yake mama huyo akaja na vijana wawili, wakataka kung'oa mlango "uwe badala ya fedha." Majirani wakatupigia simu, nasi tukafika kabla mlango haujatoka. Tuliwaeleza vijana kwamba mlango ule ukibebwa, dada yao atapoteza kesi aliyokwisha kuishinda. Wakaondoka. Mama akaandika barua ya siku 14, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji. Siku ya kumi na moja mwenye nyumba alilipa, akikata gharama ya ndoo moja ya rangi, nayo mama aliikubali ili yaishe. Hakuna aliyekamatwa wala aliyeumizwa. Siku ile kilichomtetea mama huyo kilikuwa vipande vitatu vya karatasi.

Kwa kila upande neno lake

Wenye nyumba, mmejenga kwa jasho lenu, na hatuwaombi mpangishe kwa hasara. Mna haki ya kulipwa kodi kwa wakati, haki ya kupewa notisi, na haki ya kutengenezewa kilichoharibiwa. Tunawaomba mumjue mtu mnayempangisha: ona kitambulisho chake, andika namba yake, mwarifu mwenyekiti. Hilo linawalinda nyinyi na linalinda usalama wa mpaka wetu. Kisha amana yake muitunze kama mlivyoipokea.

Wapangaji, nyumba si yenu lakini makazi ni yenu. Yalindeni. Msikae kimya paa linapovuja mpaka ukuta ubomoke. Toeni taarifa mapema na mwiandike. Mkiondoka, ondokeni mchana, mkiwa mmeagana.

Viongozi wa vijiji, mara nyingi nyinyi mnafika kabla yetu. Tunawaomba muwe na daftari la wapangaji katika kila kijiji, na mkubali kuwa mashahidi wa mikataba midogo bila kuigeuza shughuli hiyo kuwa chanzo cha mapato. Sahihi yenu ya dakika mbili inaweza kuzuia damu kumwagika.

Nanyi vijana wa bodaboda na mikokoteni, mkiitwa saa nane za usiku kubeba vyombo, ulizeni kwanza kama mwenye nyumba ana habari. Aliyebeba vyombo vyenye mgogoro huitwa shahidi, na wakati mwingine huitwa mshukiwa.

Ndugu zetu, mpaka huu umetuzoesha kuhama. Leo huku, kesho ng'ambo, keshokutwa tumerudi. Mpangaji wa leo atakuwa mwenye nyumba kesho, na mtoto wa mwenye nyumba atapanga chumba katika mji asiojulikana. Tukirudishiana amana kwa haki hapa, tunamtengenezea mtoto huyo mahali pa kulala huko aendako. Meza yetu ya uhusiano na jamii iko wazi. Mwenye karatasi aje nayo tuisome pamoja, na asiye na karatasi aje tumsaidie kuiandika kabla hajahama.